Tujifunze Kusema "Lau"

Tulipokuwa wadogo, tukikaa mkekani chuoni na juzuu zetu mapajani, mwalimu wetu alikuwa na neno moja ambalo hakupenda kulisikia vinywani mwetu. Neno hilo ni "lau". Mtoto aliyesema, "Lau nisingepita njia ile nisingeanguka," alikatizwa papo hapo. Mwalimu alitufundisha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuyalilia yaliyopita kwa neno hilo, kwa kuwa humfungulia Shetani mlango wa kazi yake. Lililokadiriwa na Mwenyezi Mungu limekwisha kuwa. Tulilishika somo hilo, na hata tulipoingia katika skuli za Serikali, na baadaye katika kazi za Chama, tuliendelea kuwatilia shaka watu wa lau.

Hivi karibuni tulifika Maganzo, na huko tukalisikia neno lile kwa maana nyingine. Kwa sababu hiyo tumeona hapana budi tulifikirie upya mbele ya wasomaji wetu, hasa ndugu zetu wa visiwani na wale waliopewa dhamana katika ofisi za Serikali.

Maganzo ni mji mdogo katika Wilaya ya Kishapu, Mkoa wa Shinyanga, kando ya barabara kuu iendayo Mwanza. Tulikaa chini ya mwarobaini pamoja na wazee kadhaa tukisubiri jua lipungue. Mmoja wao, ambaye ujana wake aliumaliza katika kazi za reli na meli za Ziwa Viktoria, alitueleza habari ya meli mbili pacha zilizoundwa katikati ya miaka ya 1960 kwa ajili ya kuvusha mabehewa ya treni baina ya bandari za Kisumu, Mwanza na Jinja. Meli hizo ziliitwa Uhuru na Umoja.

"Siku ya kugawana mali, wanangu," alisema mzee yule, "wenzetu wa Kenya walichukua Uhuru, nasi tukabaki na Umoja. Tazameni majina hayo. Lau zingebaki pamoja, leo mngekuwa mnazungumza habari nyingine hapa."

Mzee hakuwa akilia. Alikuwa akipiga hesabu. Ndipo tulipotambua kwamba ipo lau ya majuto, na hiyo ndiyo mwalimu wetu aliyoikataza. Na ipo lau ya hesabu, ambayo taifa lisiloijua hurudia kosa lile lile mara mbili.

JIWE LA MWADUI

Jirani ya Maganzo ni Mwadui, mahali ambapo Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Wakati huo Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikiendelea, na almasi haikuwa pambo la wake wa matajiri tu. Viwanda vya silaha na mitambo viliihitaji kwa kukatia, kutobolea na kunolea vyuma. Vita vilipokwisha, Oktoba 1947, ilipatikana Mwadui almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Williamson aliitoa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyeolewa mwezi uliofuata. Jiwe lilikatwa London, likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 likatiwa katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua. Waliolitengeneza pambo hilo ni Cartier, masonara ambao asili ya nyumba yao ni Paris.

Jiwe la Usukumani, basi, lilikatwa na Waingereza na kupambwa na nyumba ya Kifaransa. Katika jambo hilo dogo mataifa hayo mawili yalishirikiana vizuri sana. Je, katika mambo makubwa, yaani majeshi na viwanda, walishirikiana namna gani? Swali hili si la anasa. Tukiitazama lau ya wakubwa hao, ambao kosa lao halituumi, tutapata macho ya kuitazama lau yetu wenyewe.

MAFAHALI WAWILI WA ULAYA

Watu wengi hawajui jinsi mataifa haya mawili yalivyokaribia kuwa dola moja. Tarehe 16 Juni 1940, majeshi ya Ujerumani yakiwa yamekwisha kuingia Paris, Serikali ya Churchill iliwapelekea Wafaransa pendekezo la kuunda muungano mmoja, ambamo kila Mwingereza angekuwa raia wa Ufaransa na kila Mfaransa raia wa Uingereza. Wakuu wa Ufaransa walilikataa, na mara wakaomba kusimamisha vita. Baada ya vita, Machi 1947, nchi hizo zilitia saini Mkataba wa Dunkirk wa kulindana. Kisha, Septemba 1956, Waziri Mkuu wa Ufaransa, Guy Mollet, alikwenda London akamshauri mwenzake, Anthony Eden, kwamba nchi zao ziungane. Pendekezo lilipoonekana gumu, wazo la Ufaransa kuingia katika Jumuiya ya Madola nalo likatajwa. Eden hakukubali, na habari hiyo ilikaa katika majalada ya serikali hata ikaja kujulikana kwa wengi mwaka 2007.

Tuseme Eden angekubali. Pengine pangekuwa na jeshi moja la pande mbili za mlango wa bahari, kiwanda kimoja cha ndege za vita na bomu moja la atomiki badala ya mawili. Kama ilivyokuwa, Uingereza ililipua bomu lake la kwanza Oktoba 1952; Ufaransa ililipua la kwake tarehe 13 Februari 1960, na ililipulia katika Sahara ya Aljeria, juu ya ardhi ya Afrika, bila ya kuwauliza Waafrika. Huenda bomu moja lingewatosha.

Lakini tusidanganyike. Mwaka huo wa 1956 Waaljeria walikuwa wamekwisha kupigana na Wafaransa kwa miaka miwili, na Kenya ilikuwa bado chini ya amri za hali ya hatari zilizoanza mwaka 1952. Ushirikiano mkubwa kuliko wote walioufanya mafahali hao mwaka ule ulikuwa kuivamia Misri pamoja na Israeli kwa sababu Rais Gamal Abdel Nasser alikuwa ameutaifisha Mfereji wa Suez. Wanajeshi wao wa miavuli walishuka Port Said tarehe 5 Novemba. Tarehe 6 wakalazimika kusimamisha vita, kwa kuwa Marekani iliibana Uingereza katika fedha. Muungano wa wakati huo ungekuwa muungano wa kushika mfereji na makoloni. Majirani wawili wenye mbwa wakali wakioana, mwenye mbuzi hapigi vigelegele. Kwa upande wetu, lau ile ya Eden na Mollet haina machozi.

Baada ya Suez kila mmoja alijifunza somo lake. Uingereza iliamua isiachane tena na Marekani, na Desemba 1962, katika mkutano wa Nassau, ikakubaliana kununua makombora ya Polaris. Ufaransa iliamua kujitengenezea silaha zake na kujenga Soko la Pamoja la Ulaya, ambalo mkataba wake ulitiwa saini Roma Machi 1957. Januari 1963 Jenerali de Gaulle akaifungia Uingereza mlango wa Soko hilo.

Hata hivyo, katikati ya magomvi hayo, tarehe 29 Novemba 1962, walitia saini mkataba wa kuunda pamoja ndege ya abiria iendayo kasi kuliko sauti, ndiyo Concorde. Mkataba huo ulikuwa na jambo moja la ajabu: haukuwa na kifungu cha kujitoa. Mwaka 1964 chama cha Labour kiliposhika serikali Uingereza kilitaka kuiacha kazi hiyo kwa sababu ya gharama. Wanasheria wakakieleza kwamba Ufaransa ingeweza kudai fidia katika mahakama ya kimataifa. Serikali ikabaki ndani kwa kukosa mlango wa kutokea. Ndege ilianza kubeba abiria tarehe 21 Januari 1976 na ikaruka hadi mwaka 2003.

Je, walifaidi? Kwa ufundi, naam. Kwa fedha, hapana. Makisio ya mwanzo yalikuwa kiasi cha pauni milioni 150 mpaka 170. Kazi ilipokwisha ilikuwa imemeza zaidi ya pauni bilioni moja, na hakuna mashirika mengine ya ndege yaliyoinunua ila ya nchi hizo mbili. Hapo tunaona kufuli bila daftari: mlango umefungwa barabara, lakini hesabu haikuandikwa vema kabla ya kuingia. Mwaka 1985 ikawa kinyume chake. Nchi kadhaa za Ulaya zilikuwa zikipanga kuunda ndege moja ya vita. Ufaransa haikuridhika na mgawo wa kazi, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi ikatoka ikaunda Rafale yake peke yake. Leo Ulaya inazo ndege mbili zinazofanana kazi na zinazogombea wanunuzi wale wale.

NA SISI JE?

Tuyarudie sasa ya kwetu. Mwanza, mji ambao magari ya Maganzo huukimbilia kila siku, ndipo vyama vya ukombozi vya Afrika Mashariki na ya Kati vilipokutana Septemba 1958 na kuunda PAFMECA. Visiwani wazee wanakumbuka jinsi umoja huo ulivyojaribu kuvisuluhisha vyama vya Unguja na Pemba. Fikra ya Shirikisho, basi, haikuletwa na mgeni.

Juni 1960, akiwa Addis Ababa, Mwalimu Nyerere alitamka neno ambalo viongozi wachache duniani wamepata kulitamka: kwamba Tanganyika ilikuwa tayari kuuchelewesha uhuru wake kidogo, ili Kenya, Uganda na Tanganyika ziupate pamoja na kuwa dola moja. Haikuwa hivyo. Tarehe 5 Juni 1963, Nairobi, Mwalimu, Mzee Kenyatta na Dakta Obote walitangaza nia ya kuunda Shirikisho kabla ya mwaka kwisha. Mwaka ukaisha. Uganda ilikuwa na wasiwasi kuhusu nafasi ya Buganda, uraia, mambo ya nchi za nje na viti vya Umoja wa Mataifa. Rais Nkrumah wa Ghana naye alihofu kwamba mashirikisho ya kanda yangeuzuia umoja wa Afrika nzima. Hivyo mlango uliokuwa wazi ukafungwa na upepo.

Tulikuwa na nini mkononi wakati huo? Tulikuwa na reli moja, posta moja, shirika moja la ndege, shilingi moja. Askari wetu walikuwa wametoka katika jeshi moja la kikoloni, King's African Rifles. Palikuwa hata na jeshi la majini la Afrika Mashariki lenye makao Mombasa, lililovunjwa mwaka 1962. Januari 1964, siku chache baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12, askari wa Tanganyika waliasi tarehe 20. Wa Uganda wakafuata tarehe 23. Na wa Kenya tarehe 24. Malalamiko yao yalifanana: mishahara midogo na maofisa Waingereza waliokuwa bado wanawaamuru. Serikali zote tatu zililazimika kumwita mkoloni wa jana aje kuwanyang'anya silaha. Ilikuwa fedheha, na Mwalimu hakuificha. Aliwaita mawaziri wa Afrika Dar es Salaam Februari mwaka huo, na askari wa Nigeria wakaja kushika nafasi ya Waingereza mpaka jeshi jipya, JWTZ, lilipoanzishwa tarehe 1 Septemba 1964.

Lau pangekuwa na jeshi moja la Shirikisho, je, maasi yasingetokea? Hatuwezi kudai hivyo. Huenda yangetokea mara moja badala ya mara tatu, na kwa kishindo kikubwa zaidi. Tunaloweza kulisema kwa uhakika ni hili: mwaka 1971 Idi Amin, aliyelelewa katika jeshi lile lile la kikoloni, alipindua serikali ya Uganda, Oktoba 1978 majeshi yake yaliivamia Kagera, na tarehe 11 Aprili 1979 majeshi yetu yaliingia Kampala. Majeshi yaliyotoka tumbo moja yalipigana. Vijana wa Shinyanga, wa Unguja na wa Pemba walikwenda katika vita hivyo, na wengine hawakurudi.

HABARI YA MATAIRI

Kama habari ya majeshi ni ya huzuni, habari ya viwanda ni ya mafunzo. Tanganyika na Uganda zilikuwa zikilalamika kwa muda mrefu kwamba soko ni la wote lakini viwanda hulundikana Nairobi. Aprili 1964, mjini Kampala, yalifikiwa makubaliano ya kugawana baadhi ya viwanda vikubwa. Tanganyika ingetengeneza, pamoja na mambo mengine, matairi ya magari. Uganda ingetengeneza baiskeli. Kenya ingetengeneza glopu za umeme. Kila kimoja kingeuza katika soko lote la Afrika Mashariki.

Ilikuwa fikra nzuri. Kenya haikuyathibitisha makubaliano hayo, na hapakuwa na kifungu cha kuilazimisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 tukawa na kiwanda cha matairi cha Firestone Nairobi na kiwanda cha matairi cha General Tyre Arusha. Miji hiyo imeachana mwendo wa saa chache kwa gari, nacho kila kiwanda kilikuwa na soko la nusu. Cha Arusha kilisimama mwaka 2009. Cha Nairobi, baada ya kubadilisha jina na wenyewe, kiliacha kutengeneza matairi mwaka 2016. Hatusemi kwamba kutoelewana kwa mwaka 1964 ndiko pekee kulikoviua, kwa kuwa bidhaa rahisi kutoka Asia na mitambo iliyochakaa navyo vilikuwa na sehemu yake. Lakini mwenye soko zima hustahimili upepo ambao mwenye nusu soko huanguka nao. Tulipokaa Maganzo tuliyatazama malori yaliyokuwa yakipita, tukayasoma maandishi ubavuni mwa matairi yao. Hatukuona hata tairi moja lililotengenezwa kwetu.

Shilingi ya pamoja nayo ilikufa mwaka 1966, kila nchi ikachapa yake. Hata hivyo viongozi hawakukata tamaa. Tarehe 6 Juni 1967 ulitiwa saini Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na safari hii daftari liliandikwa kwa uangalifu. Makao ya Jumuiya yalikuwa Arusha. Ya reli na ndege Nairobi. Ya bandari Dar es Salaam. Ya posta Kampala. Ilianzishwa kodi maalumu ya kulinda viwanda vya nchi zilizo nyuma, na Benki ya Maendeleo yenye makao Kampala.

Kilichokosekana ni kufuli. Baada ya Amin kutwaa madaraka, Mwalimu alikataa kukaa naye meza moja, na baraza la marais watatu halikukutana tena. Mashirika ya pamoja yakaanza kuzuia fedha zisivuke mipaka kwenda makao makuu. Mapema mwaka 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilisambaratika na Kenya ikaanzisha lake. Tanzania ikafunga mpaka. Na katikati ya mwaka huo Jumuiya ikafa. Mpaka ule haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mgawanyo wa mali ulihitaji msuluhishi kutoka Uswisi, Dakta Victor Umbricht, na hati yake ilitiwa saini Mei 1984. Wastaafu wa Jumuiya hapa nchini waliendelea kudai haki zao hata baada ya mwaka 2000. Watu wa daftari peke yake ndivyo wanavyoishia: wanabaki kugawana meli, moja Uhuru na moja Umoja.

Tukumbuke pia kwamba Benki ya Maendeleo haikufa. Ilipewa hati mpya mwaka 1980 na ikaendelea na kazi, kwa sababu kila mshirika aliona kwamba angepoteza zaidi kwa kuivunja kuliko kwa kuivumilia.

MUUNGANO NA VISIWA

Ndugu zetu wa visiwani watauliza: lau Shirikisho la 1963 lingefaulu, sisi tungekuwa wapi? Swali hilo ni halali. Pengine Zanzibar ingeingia kama nchi ya nne miongoni mwa nchi kubwa tatu, mji mkuu ukiwa mbali na pwani yake. Ikiwa Shinyanga na Kigoma zililalamika kwamba Nairobi inameza viwanda, je, Pemba ingesikika? Shirikisho si dawa kwa jina lake tu. Mdogo katika nyumba kubwa hulindwa na maandishi, wala hatoshelezwi na ukarimu wa wakubwa.

Historia ilitupa njia nyingine. Tarehe 22 Aprili 1964 Mwalimu na Mzee Karume walitia saini Hati za Muungano Unguja, na tarehe 26 Jamhuri ya Muungano ikazaliwa, ikiwa na mambo 11 ya pamoja, ulinzi ukiwa miongoni mwao. Wasomaji watazame kalenda ya mwaka 1977. Mwezi wa Februari, ambao mpaka wa Kenya ulifungwa na Jumuiya ikawa katika sakarati, ndio mwezi ambao TANU na Afro-Shirazi viliungana kuwa Chama Cha Mapinduzi, tarehe 5. Umoja mmoja ulikuwa unakufa wakati mwingine ukikazwa. Tofauti ni kwamba Jumuiya ilikuwa na huduma za pamoja bila mamlaka moja, na Muungano ulikuwa na mamlaka moja, jeshi moja na uraia mmoja. Muungano ulikuwa na kufuli.

Lakini sisi tulio katika Chama tusijisifu kwa kufuli peke yake. Concorde nayo ilikuwa na kufuli. Ibara ya 133 ya Katiba ya mwaka 1977 inataja Akaunti ya Fedha ya Pamoja, na Ibara ya 134 inataja Tume ya Pamoja ya Fedha, ili kila upande ujue unachotia na unachopata. Hoja za mapato na michango zimejadiliwa kwa miaka mingi katika kamati za pande zote mbili, na baadhi yake zimepatiwa ufumbuzi. Kila hoja inayobaki mezani ni ukurasa wa daftari usioandikwa. Mwananchi wa Micheweni au wa Makunduchi anayeuliza hesabu si adui wa Muungano. Anataka nyumba yenye kufuli iwe na daftari pia, na afisa anayemjibu kwa ukali badala ya tarakimu ndiye anayeudhoofisha Muungano.

LA KUFANYA

Jumuiya imefufuka. Mkataba mpya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kazi Julai 2000. Nchi wanachama zimefika nane baada ya Somalia kuingia mwaka 2024. Sarafu ya pamoja iliyokusudiwa mwaka 2024 imesogezwa mpaka 2031. Katika ulinzi, Jumuiya ilipeleka kikosi mashariki ya Kongo Novemba 2022, na kikaondoka Desemba 2023 kwa kuwa mwenyeji hakuridhika nacho. Wingi wa wanachama haujawa kufuli.

Hata hivyo, ipo mifano ya kutia moyo, na mmoja unapita katika mikoa hii hii. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limepangiwa kupita Geita na Shinyanga. Uganda ilichagua njia hiyo mwaka 2016, na uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulitangazwa Februari 2022. Uganda haiwezi kulikunja bomba na kulichukua nyumbani, wala Tanzania haiwezi kulinywea maji. Katika jambo la namna hiyo, kuvunja ni ghali kuliko kuvumiliana. Tunachowaomba maofisa wetu ni kwamba daftari nalo liwe wazi: fidia za wakulima, ajira za vijana, mgawo wa ada, vyote viwe katika maandishi ambayo mwananchi wa kijiji kinachopitiwa na bomba anaweza kuyasoma.

Kwa ufupi, tunayo mapendekezo matatu. Kwanza, kila mradi wa pamoja, uwe baina ya nchi na nchi au baina ya Bara na Visiwani, uandikiwe mgawo wa faida na hasara kabla haujazaa chochote. Kwani watu huafikiana kwa urahisi juu ya ng'ombe ambaye bado hajakamuliwa. Pili, kila mkataba uwe na gharama ya kujitoa inayojulikana na inayouma. Tatu, kabla ya kujenga kiwanda tumwulize jirani anajenga nini, tusije tukarudia habari ya matairi kwa saruji, kwa dawa au kwa viwanda vya kusafishia dhahabu ya Geita na kukatia almasi ya Mwadui. Jiwe lililopatikana mwaka 1947 lilikatwa London kwa sababu wao walikuwa na kiwanda na sisi hatukuwa nacho. Tukikosa kushirikiana, litakalopatikana kesho litakatwa mbali vile vile.

Tulipoagana na mzee wa Maganzo alituuliza kama bado tunafundisha watoto wetu habari za meli zile mbili. Tulinyamaza, kwa kuwa jibu tulilijua. Mwalimu wetu wa chuo alikuwa na haki: kuyalilia yaliyopita ni mlango wa Shetani. Lakini yeye huyo huyo alitufundisha kwamba aliyeanguka katika shimo, akinyanyuka, huweka alama ili mwenziwe asianguke. Kazi ya kuweka alama hiyo imo mikononi mwetu sote, viongozi na wananchi, Bara na Visiwani, na wakati wake ni sasa.